Ulimi wa Juwariyah

Kipande cha uduvi uliovundikwa kikiwekwa juu ya mkaa hunuka mpaka ghorofani kwa wauza vitambaa, na wauza vitambaa wa Soko la Pandansari, pale Surabaya, walikuwa na desturi ya kuchungulia chini kila asubuhi na kutukana. Juwariyah alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake, uso wake ndani ya moshi wenyewe, akiwatazama wapita njia na vikapu vyao. Alikuwa akingoja harufu imwambie lini ageuze. Harufu haikuja. Ilikuja sauti ya Muntamah, muuza tempe, zile soya zilizovundikwa, wa meza ya jirani, ambaye humwita Yu, yaani dada.

"Yu Juwar! Unachoma uduvi au unachoma soko?"

Juwariyah akatazama chini. Kipande kilikuwa kimeshakuwa kaa. Akakinyakua kwa vidole, akaungua, akakitosa kwenye ndoo ya maji.

"Nilikuwa nawaza," akasema.

"Unamuwaza nani? Mumeo, Cak Sapuan? Yule hata ukimuwaza mwaka mzima tumbo halitapungua."

Safu nzima ikacheka, na Juwariyah akacheka nao. Kisha akageuka, akajifanya anapanga mabeseni yake, kwa sababu machozi yalikuwa yamemlenga.

Ilianza na homa ya mwanzo wa mvua. Homa yenyewe haikuwa kali, watu wengi mtaani waliipata. Lakini ilipoondoka iliondoka na pua yake, na ulimi wake ukafuata. Chai ikawa maji ya moto. Wali ukawa kama karatasi iliyolowa. Daktari wa zahanati alimmulika puani kwa tochi, akasema huenda vikarudi, huenda visirudi, ngoja. Na kungoja ndiko asikokuweza Juwariyah.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Yeye alikuwa muuza viungo vya kusagwa, kama mama yake kabla yake, kwenye meza hiyo hiyo ya saruji. Viungo vyake vilipangwa mbele yake kwenye mabeseni: chekundu cha pilipili, cha manjano chenye khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi, cheupe cha vitunguu saumu na giligilani, na kile cheusi cha rawon, supu ya nyama ambayo mtu wa Surabaya asipoila wiki mbili huanza kugombana na watu. Mabibi harusi wapya waliletwa kwake na mama wakwe zao. Wenye migahawa walituma pikipiki. Nani angekuja tena kununua viungo kwa mtu asiyesikia ladha?

Basi akasaga kwa kumbukumbu. Mkono ulijua konzi ya giligilani ni kiasi gani, jicho lilijua rangi. Lakini roho haikukaa. Alifuta mabeseni yaliyokwisha kufutwa. Aliinuka, akakaa, akainuka. Mchana, wateja walipopungua, alizurura. Alikwenda safu ya samaki akainama juu ya papa aliyekaushwa, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Akaenda kwa wauza duriani, akalinyanyua moja, akaliweka usoni kabisa.

"Yu," akasema mwenye duriani, "unanunua au unalibusu?"

Akalirudisha, akaondoka haraka.

Nyumbani alimtegea mumewe, aliyemwita Cak, yaani kaka. Sapuan alibeba mboga kwa pikipiki kutoka stendi ya malori, na alikuwa mtu wa kula chochote kilichopakwa pilipili.

"Onja hiki, Cak."

"Kitamu."

"Kitamu vipi?"

"Kitamu cha kula." Akamtazama, kijiko mdomoni. "Juwar, una mimba?"

"Kwa umri huu? Umerukwa na akili?"

"Mbona hutulii? Usiku unageuka kama samaki kwenye kikaango. Ulipokuwa na mimba ya Nuril ulikuwa hivi hivi."

"Kula, unyamaze."

Viungo vingine vyote angeweza kuvikisia. Kilichomtia hofu ni kile cheusi. Weusi wa rawon unatoka kwenye keluwek, kokwa ngumu za kijivu zenye nyama nyeusi ndani, laini kama lami iliyopata jua. Kokwa mbichi ni sumu. Huvundikwa majivuni na udongoni mpaka zikafaa. Lakini hata zilizofaa, ndani ya gunia moja kuna tamu na kuna chungu, na kwa nje zinafanana. Kwa hiyo kila kokwa hupasuliwa, chembe ikawekwa ulimini, na iliyo chungu hutupwa. Moja tu ikipenya, sufuria nzima imekwenda. Juwariyah sasa alizitikisa sikioni. Iliyolegea ndani ikacheza, aliichukua. Iliyo nzito na kimya, aliiacha. Aliziangalia rangi. Na mpaka siku hiyo alikuwa na bahati.

Ndipo akaja Bu Haji Rofiqoh, mama aliyekwisha kuhiji.

Bu Haji alikuwa mwanamke mpana, mwenye bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, na alikuwa akinunua kwenye meza hiyo tangu enzi za mama yake Juwariyah. Hakusalimia kwa maneno mengi. Aliegemea meza, ikalia.

"Naozesha Jumapili. Huyu wa mwisho. Nataka viungo vya rawon, ndoo mbili."

"Hongera, Bu Haji."

"Hongera baadaye. Sikiliza. Ukoo wa bwana harusi unatoka Probolinggo, basi zima. Na mama yake ana mdomo. Siku ya posa alikula supu yangu, akafuta midomo, akasema, 'Si mbaya.' Si mbaya! Mimi! Nalala na neno hilo, naamka nalo. Kwa hiyo Jumapili nataka yule mama ale mpaka aone haya. Unanielewa?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Angeweza kusema anaumwa, angeweza kusema keluwek za msimu huu hazifai. Muntamah alikuwa anasikiliza huku akikata tempe, kisu kikiwa kimesimama hewani. Juwariyah akafungua kinywa, na kinywa kikasema:

"Inshallah, Bu Haji. Usiwe na wasiwasi."

Bu Haji akaondoka akiwa ameridhika. Wasiwasi wote ukabaki pale mezani.

Jumamosi alikaa chini na gunia na nyundo ndogo. Alitikisa, akapasua, akachota kwa ncha ya kijiko, na kwa ajili ya macho ya watu akawa anagusisha kijiko mdomoni. Kokwa, kijiko, beseni. Kokwa, kijiko, beseni. Gunia likakaribia kuisha kabla ya kazi, akaagiza jingine kwa mfanyabiashara wa upande wa pili wa soko, kwa kuwa wake wa siku zote alikuwa amefunga. Kokwa za gunia hili zilicheza vizuri sikioni. Rangi yake ilikuwa nyeusi ya kuvutia.

"Yu," Muntamah akasema, si kwa kelele zake za kawaida. "Tangu asubuhi hujatema hata moja."

"Ni nzuri zote."

"Zote? Magunia mawili? Zimeshuka kutoka peponi?"

"Mun, fanya kazi yako."

"Nauliza tu. Mimi mama yangu alikuwa anapika rawon. Katika kumi alikuwa anatema—"

"Niache!" Juwariyah akajisikia anapiga kelele, na hakuweza kujizuia. "Unachunga kinywa changu kwa nini? Chunga maharage yako yanayooza hapo! Watu wanakula tempe yako kwa kukuhurumia tu!"

Muntamah aligeuza kigoda chake, akampa mgongo, na hakusema neno mpaka soko likafungwa. Muntamah, ambaye hata akila huzungumza. Kile kimya kilimuuma Juwariyah kuliko tusi lolote ambalo angerudishiwa, lakini miguu yake haikujua njia ya kwenda kuomba radhi. Ilijua kuzunguka tu. Sapuan akaja na pikipiki, akafunga ndoo mbili, akazipeleka.

Jumapili alikuwa macho kabla ya adhana. Baada ya sala akaosha kitambaa ambacho alikwisha kukiosha jana. Akakianika. Akakianua kikiwa kibichi. Jua lilipotokeza juu ya paa la jirani alikuwa amekwisha kuvaa nguo za mwaliko, anatembea kutoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni.

"Nipeleke kwa Bu Haji," akasema.

Sapuan alikuwa bado na msuli. "Mwaliko si mchana?"

"Nipeleke sasa hivi, Cak. Nakuomba."

Akampeleka. Njiani, penye taa nyekundu karibu na reli, katikati ya mngurumo wa pikipiki nyingine, Juwariyah akamshika mabega, akamwambia sikioni kwa sauti kubwa ili kofia isizuie: hasikii harufu, hasikii ladha, tangu ile homa, na zile keluwek hakuzionja hata moja, alijifanya tu.

Taa ikawa ya kijani. Sapuan akaendesha. Walifika karibu na msikiti ndipo akageuza kichwa kidogo.

"Kwa hiyo ile mboga ya Jumanne, yenye chumvi ya bahari nzima—"

"Mbona ulisema tamu?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umenikodolea macho kama askari."

Akaongeza mwendo.

Nyumbani kwa Bu Haji turubai lilikuwa limekwisha kutandazwa barabarani, viti vimepangwa, spika inajaribiwa. Jikoni, uani, wanawake wa mtaa walikuwa wanakata, wanakaanga, wanachekana. Masufuria mawili makubwa, kila moja la kumtosha mtu mzima kuoga, yalikuwa yanatokota juu ya matofali. Supu ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa mafuta, na mvuke wake ukamfunika Juwariyah uso mzima. Kwake ulikuwa mvuke tu.

"Bu Haji. Mmeonja?"

Bu Haji alikuwa anapanga mayai ya chumvi. "Tuonje nini? Si viungo vyako? Kaa, unywe chai, umewahi mno."

"Onja, Bu Haji."

"Nitaonja nikitia chumvi ya mwisho. Una nini? Umekuwa mweupe."

Wanawake wakaanza kutazama. Juwariyah alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. "Ulimi wangu umekufa," akasema. "Pua pia. Tangu mwezi wa mvua. Nimekuuzia bila kuonja. Sijui kilichomo humo. Tafadhali onja."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa akimenya vitunguu akaacha kumenya. Bu Haji akachukua upawa, akachota kwenye sufuria la kwanza, akapuliza, akanywa.

Akafumba macho.

"Astaghfirullah, Juwariyah," akasema. "Unataka kuniua na presha siku ya kuozesha? Hii ni rawon! Hii ni rawon ya mama yako kabisa!"

Kicheko kikalipuka jikoni kote. Mtu akampiga Juwariyah mgongoni, mwingine akamsukumia kiti. "Mletee chai!" "Ulimi umekufa lakini mkono bado hai!" Alikalishwa, akapewa glasi. Akainuka, na glasi ikiwa mkononi.

"Onja na ile nyingine."

"Ni viungo vile vile."

"Gunia si lile lile."

"Juwariyah, kaa chini."

"Siwezi kukaa, Bu Haji. Onja ile."

Bu Haji akavuta pumzi ya mtu anayemvumilia mgonjwa. Akachota kwenye sufuria la pili, akanywa, na Juwariyah, ambaye siku hizi alisoma nyuso kuliko kitu kingine chochote, akaona jibu kabla halijasemwa. Bu Haji akatembea mpaka kwenye mfereji, akatema, akasukutua kwa maji, akatema tena.

"Chungu," akasema. "Chungu mpaka kwenye meno."

Simu ikalia mezani. Binti mmoja akaipokea, akasikiliza, akaishusha taratibu. "Wale wa Probolinggo. Wameshapita Pasuruan."

Juwariyah alingoja kelele. Alizitaka, kwa kweli, zingemfaa. Lakini Bu Haji alizivua bangili zake moja moja, akaziweka kwenye rafu juu ya sukari, akakunja mikono ya gauni lake.

"Toeni nyama yote humo," akasema. "Ioshwe kwa maji ya moto, mara mbili. Mifupa ya akiba iko kwenye barafu, bandikeni. Na wewe." Hakumtazama. "Unaweza kusaga upya?"

"Naweza. Keluwek nzuri za gunia la kwanza zimebaki kidogo sokoni, na za gunia la pili nyingi. Lakini nahitaji mtu wa kuonja. Kila moja."

"Hapa watu wote wana kazi."

"Nitamleta."

Sapuan hakuwa ameshuka hata kwenye pikipiki. Alikuwa amepewa sahani ya keki za wali na anazimaliza. Walifika sokoni wakati wa wateja wengi. Muntamah alikuwa mezani kwake, kisu mkononi, akiwa amezungukwa. Alimwona Juwariyah na nguo zake za harusi, jasho linamtiririka, akaendelea kukata.

"Mun."

Kisu: tak, tak, tak.

"Mun, sisikii harufu. Sisikii ladha ya kitu chochote. Tangu homa."

Kisu kikasimama. Wateja wakageuka. Muuza kuku wa nyuma akazima redio yake.

"Najua," akasema Muntamah.

"Unajua?"

"Yu, mtu anaunguza uduvi mbele ya pua yake. Anabusu duriani hadharani. Anamnusa papa kama paka. Soko zima tunajua kuna kitu. Wengine wanasema una mimba."

"Hata mume wangu alisema hivyo," Juwariyah akasema, na sauti ikamkatika.

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nikakufungulia mlango jana, nikakuuliza kwa upole, mimi, na wewe unajua upole si kazi yangu. Ukanitukania tempe. Mbele ya watu."

"Nisamehe. Tempe yako haijaoza."

"Sisikii. Mimi ni masikio yangu ndiyo yamekufa."

"Tempe yako haijaoza!"

"Sema na huku kwa wauza kuku."

Juwariyah akageuka, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka wauza vitambaa wakachungulia kutoka ghorofani: "Tempe ya Muntamah haijaoza! Ni tempe bora kuliko zote sokoni! Mimi ndiye niliyeoza kichwa!"

Mtu akapiga makofi. Muntamah akafuta kisu kwenye aproni, akitafuta namna ya kuficha furaha yake, asiipate.

"Haya. Nani amekufa?"

"Rawon ya Bu Haji. Nusu yake."

Muntamah akatia tempe yote iliyobaki kwenye kapu, akamwachia muuza kuku meza, na akapanda nyuma ya Juwariyah. Sapuan akalalamika kwamba pikipiki ni yake na hana pa kukaa. Gunia la keluwek likawa kati yao, kapu la tempe kichwani kwa Muntamah.

Ni hivi walivyofanya kazi. Juwariyah alipasua, akachota, akanyoosha kijiko; Muntamah akapokea kwa ncha ya ulimi. "Tamu. Tamu. Hii — pthu! Mungu wangu. Hii ingeua farasi. Tamu. Hii sijui, lete tena. Pthu! Najua sasa." Meno yake yakawa meusi, midomo myeusi, kama bibi wa zamani mtafuna tambuu, na wanawake wa jikoni walishikana mbavu kwa kucheka. Za gunia la pili, nyingi zilikwenda mferejini. Juwariyah aliziona zikirundikana pale, na kila moja ilikuwa kama kofi. Zote hizi angezisaga. Nyingine kama hizi alikwisha kuzisaga.

Basi likafika. Wageni wakasikika barabarani, spika ikapiga kasida, na harufu ambayo Juwariyah hakuisikia ikamfanya bwana harusi mwenyewe, kwa mujibu wa binti aliyekuwa akichungulia, atazame upande wa jikoni mara mbili. Lakini supu ya kuwatosha haikuwapo. Muntamah akatupa jicho kwenye kapu lake.

"Kaangeni tempe. Yote. Nyembamba, ikauke. Pelekeni na chai na pilipili ya kutwanga. Na mwambieni mjomba yeyote anayependa maikrofoni atoe hotuba."

Wajomba wanaopenda maikrofoni walikuwapo watatu.

Wakati huo Juwariyah alikuwa amesimama juu ya kikaango, anakoroga viungo vipya kwenye mafuta, jicho kwenye povu. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui kuuliza. Maisha yake yote alikuwa amejijibu mwenyewe.

"Khulinjani ikoje?"

"Kidogo," akasema Muntamah.

"Kidogo iongezwe, au imezidi kidogo?"

"Iongezwe."

"Hapana, imetosha," akasema Bu Haji, upawa mkononi. "Wewe una ulimi wa Madura, unataka kila kitu kipige kelele."

"Na wewe una ulimi wa hospitali, Bu Haji, kwa heshima zote."

"Mtoto huyu nani alimleta jikoni kwangu?"

Walibishana, na Juwariyah akasimama katikati akisikiliza, akitia chembe hapa, akitulia pale, mpaka wote wawili wakanyamaza kwa wakati mmoja baada ya kuonja. Nusu ya sufuria la kwanza ikamiminwa kwenye la pili ili zifanane. Nyama ikarudi. Machipukizi mafupi ya choroko yakatiwa juu ya mabakuli, yai la chumvi pembeni, kaukau za uduvi kwenye sinia, na wasichana wakaanza kutoka nayo wakikimbia. Ilikuwa imechelewa sana, na mjomba wa tatu alikuwa bado anazungumza juu ya maisha ya ndoa.

Binti aliyekuwa akichungulia aliwaletea habari: mama wa bwana harusi amemaliza bakuli. Ameomba la pili. Amemaliza na hilo. Bu Haji akavaa bangili zake, akatoka kwenda kupokea shukrani, akarudi akiwa amekaza midomo.

"Amesema nini?" wote wakauliza.

"Amesema, 'Leo mmejitahidi.'" Bu Haji akaketi kwa kishindo. "Mabakuli mawili! Mafuta bado yako kidevuni! 'Mmejitahidi!'"

Muntamah alicheka mpaka akajishika ukutani, meno yake meusi yote nje. Bu Haji naye, baada ya kujizuia kidogo, akashindwa.

Wageni walipokuwa wanapiga picha, Bu Haji akamwita Juwariyah kando, penye rundo la sahani. Hakuwa akicheka tena.

"Ungekuja kuniambia siku ile ile, ningekuletea binti yangu akuonjee. Ningekuja mwenyewe."

"Niliogopa."

"Kuogopa naelewa. Lakini ulinitazama machoni ukasema nisiwe na wasiwasi." Akakung'uta punje ya wali kutoka kwenye mkono wa gauni. "Kwa sasa nitanunua kwa mwingine, Juwariyah. Sikwambii milele. Nakwambia kwa sasa, kwa sababu nikija leo na kesho nitakuwa nakuangalia mikono, na wewe utaniona nikikuangalia."

"Sawa, Bu Haji."

"Na hujala. Chukua bakuli."

Juwariyah akakaa kwenye ngazi ya uani, bakuli magotini, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa. Supu ilikuwa ya moto, na moto huo aliusikia. Mafuta yalipaka midomo. Nyama ilichanika kwa ulimi, machipukizi yakavunjika menoni, kach, kach, kaukau ikanywea na kuwa laini upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado mkavu. Ladha haikuwapo. Alikula bakuli lote, akainama, akanywa mchuzi uliobaki. Tangu homa hakuwahi kumaliza sahani.

Jumatatu hakungoja maneno yamtangulie. Kila mteja aliyekuja alimwambia kwanza: ulimi wangu hauonji, anayeonja ni Muntamah wa hapa jirani, ukitaka nunua, usipotaka sitakulaumu. Wenye mgahawa mmoja hawakurudi. Mama mmoja mzee alisema, basi nipe lakini nusu, nikajaribu. Wengine walikuja kwa udaku tu, wakaishia kununua kwa kuona aibu ya kuondoka mikono mitupu.

Na Muntamah akawa anaonja, kwa kelele, siku nzima, akidai kwamba ananenepa kwa kazi isiyo yake. Viungo vilibadilika. Kile cha manjano kilikuwa na khulinjani zaidi kuliko cha mama yake Juwariyah. Alijua kwa mkono, kwa kuwa sasa alitia zaidi. Wateja wengine walisema kimekuwa bora. Neno hilo lilimkera, akatembea mpaka safu ya samaki na kurudi ili limtoke. Alikuwa bado anatembea. Hilo halikuisha. Lakini aliporudi, Muntamah alikuwa amenyoosha mkono kabla hajaketi.

"Lete kijiko, Yu. Kuna mtu anangoja cheusi."

"Umesukutua? Ulikuwa unakula pilipili."

"Nimesukutua."

"Na chai?"

"Yu Juwar, lete kijiko."

Akampa.